Mwanafunzi wa Kiti cha Mbele

Ndege ilitolewa kwenye kontena ikiwa vipande, mabawa kando, mwili kando, na mkanda wa kiti cha mbele umefungwa kana kwamba umemshika mtu. Lorne Tvedt akaufungua. Aliporudi na kahawa yake, akaukuta umefungwa tena.

"Arlys, umeugusa huu?"

"Nikafanye nini humo mimi?" mkewe akamjibu.

Ilikuwa ndege kuukuu ya jeshi la Romania, ya kufundishia marubani. Kule ilishafutwa kwenye usajili; hapa Iowa, Lorne alishapata namba ya Kimarekani na kuipaka ubavuni. Kilichobaki ni mkaguzi wa serikali kutoa cheti cha majaribio, cha kuirusha kwenye maonyesho. Tangu mwana wao Wendell afie vitani ng'ambo, ni ndege hii tu iliyomtoa Lorne kitandani. Arlys hakuwa na moyo wa kuipinga.

Banda walimoiunganishia ndege likaanza kunuka sufu iliyolowa na sigara kali, na wao hawavuti. Kisha mchana mmoja Arlys alipovaa vifaa vya kusikilizia vya rubani, betri ikiwa haijafungwa bado, akasikia kijana akihema, akitaja neno moja, polepole, tena na tena, kama mtu aliyechoka kuomba lakini hana lingine la kusema.

Mkaguzi alipofika, aliusukuma usukani wa mkiani. Ukasukumwa kumrudia, kana kwamba mtu amekanyaga pedali zake ndani.

"Mzee Tvedt, mwambie huyo aliyeko ndani auachie."

"Ndani hamna mtu, bwana."

Mkaguzi akachungulia kwenye kioo. Viti vilikuwa vitupu. Akaondoka bila kutia sahihi.

Arlys akamwendea Padri Sorin, Mromania aliyehudumia kanisa mjini, akamtajia lile neno.

"Acasă," padri alisema. "Nyumbani. Anataka kwao."

Alikuja na mshumaa na ngano iliyochemshwa kwa sukari, chakula cha kuwaombea wafu. Mlangoni akamnong'oneza Arlys, "Mama, usimwite. Asiyejua njia ya kwao humfuata anayemwita."

Padri alipoanza kuimba, mkanda ukakazika, kioo kikaingia ukungu kwa ndani, na kilio kikatoka kitini, kilio cha mtoto wa watu aliyekufa mbali na mamaye, kikamwingia Arlys mifupani hadi akamsahau padri, akamsahau mumewe, akakumbuka tu kwamba wa kwake pia alifia ugenini na labda hakuna aliyemjibu.

"Njoo nyumbani, mwanangu," akanong'ona.

Kukawa kimya. Mkanda ukalegea.

Cheti kikatolewa. Siku Lorne alipopaa juu ya mashamba ya mahindi, majirani wakimpigia makofi, Arlys hakungoja atue. Alirudi nyumbani, akafungua chumba cha Wendell.

Kitanda alichokitandika mwenyewe kilikuwa kimebonyea katikati. Mto ulikuwa na baridi ya theluji. Aliyelala hapo hakuwa Wendell, hilo alilijua. Akalivuta blanketi, akamfunika.