Wimbo Uliosikika Tongoni

Ernesti, mkata katani, alikutwa amekufa Ijumaa alasiri kando ya barabara ya Pangani, kabla ya kufika Tongoni kwa mtu atokaye Tanga. Baiskeli yake ilikuwa imejikunja mtaroni. Kufikia Jumapili Sajini Idarusi alikuwa na mtu mahabusu: Tadeo, dereva wa gari la kukodi, ambalo madigadi yake ya mbele yalikuwa yamebonyea. Mji mzima ulikwisha kumhukumu. Idarusi naye alikuwa njiani kumhukumu, na roho haikumtulia.

"Niligonga nguzo pantoni pale Pangani, afande," Tadeo alisema. "Nina watoto wadogo. Nikifungwa, watalelewa na nani?"

"Watu wa pantoni hawakukuona ukigonga."

"Walikuwa wakigombana na abiria."

Aliyemtia Tadeo kitanzini ni Noa, dereva wa lori la shamba la katani. Alikuja kituoni mwenyewe, bila kuitwa.

"Siku hiyo lori nililiacha kambini," alisema. "Nilikuwa nimekaa barazani Tongoni. Gari lile likaja mbio kutoka upande aliolala marehemu, muziki unalia ndani. Mwanamke anamlilia shoga yake aliyemwibia pete. Naukumbuka vizuri."

Idarusi akaenda Chumbageni kwa Bi Mwamvua, aliyekuwa amekodi gari hilo Ijumaa ile kwenda harusini Ushongo, ng'ambo ya pantoni ya Pangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Huyo Tadeo mwamwonea bure."

"Mlikuwa na muziki garini?"

"Gramafoni yangu, ala! Safari bila nyimbo zangu siendi. Wimbo wa pete ndugu yangu kaniletea kutoka Mombasa asubuhi ile ile, Tanga nzima hakuna aliyekuwa nao. Tulipokwisha kuipita Tongoni, nikamwambia Tadeo asimame tuusikilize. Tukaupiga mara moja tu. Lori likatupita, likatumwagia vumbi, nikairudisha sahani ya wimbo katika mfuko wake nikiwa nimenuna mpaka Ushongo."

Idarusi alimwona anamtetea dereva wake tu. Yeye gramafoni hakuwa nayo. Aliwahi kuona gari la mzungu lenye redio, likiimba huku likienda, akadhani gramafoni nayo ni vivyo hivyo. Alichotaka kujua ni kama sauti ingefika barazani. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi alimpakia Bi Mwamvua na gramafoni yake katika gari lile lile, akaendesha mwenyewe.

Walipokaribia Tongoni alimwambia apige wimbo. Bi Mwamvua alizungusha mkono wa mashine kwa uso uliokunjamana, akaweka sindano. Barabara ilikuwa mawimbi matupu. Sindano iliruka, ikakwaruza, ikaruka tena, na yule mwimbaji akawa anapiga chafya badala ya kuimba.

"Si ungeniuliza!" Bi Mwamvua alifoka, akiinyakua sahani. "Gari likienda haiimbi hii! Ndiyo maana twasimama!"

Idarusi alifunga breki. Aliona aibu, kisha akaingiwa na hofu: bado kidogo angempeleka mtu asiye na hatia kizimbani. Aligeuza gari, akaenda moja kwa moja kambini kulikagua lori.

Mchana Noa aliitwa kituoni. Tadeo alikuwa benchini, pingu mikononi, Bi Mwamvua pembeni yake.

"Wimbo wa pete uliusikia wapi?" Idarusi aliuliza.

"Tongoni, afande. Barazani."

"Tongoni haukupigwa. Ulipigwa mara moja tu, baada ya kukipita kijiji, gari likiwa limesimama. Aliyewapita pale ni mtu wa lori. Na lori lako, Noa, taa ya kushoto ni mpya."

Noa alilamba midomo.

"Nilikwisha kuonywa na bwana shamba," alisema. "Nikigonga tena, kazi hakuna. Alijitokeza ghafla na baiskeli. Nikaona gari lile limesimama mbele, nikasema hawa ndio watakaobeba lawama."

"Alikufa pale pale?"

"Alikuwa akiomba maji."

Bi Mwamvua alijifunika uso kwa kanga. Idarusi alimfungua Tadeo pingu, akamwambia aende nyumbani kwa watoto wake. Tadeo hakuondoka. Alisimama mbele ya Noa, machozi yanamtoka.

"Ulitupita tumesimama," alisema. "Gari lina nafasi, mafuta yamo. Ungepiga honi tu, Noa. Ningemkimbiza hospitali."