Baiskeli Iliyonyweshwa Maji

Kila Jumamosi jioni Meshack aliosha baiskeli yake. Aliipindua, magurudumu juu, usukani chini. Kisha aliimwagia maji, kopo baada ya kopo, hasa pale kwenye pedali. Majirani wa Nzuguni walisimama kutazama. Hapa kwetu maji ni mali, na si kila siku utamwona mtu anayamwaga huku anapiga mluzi.

Mkewe, Frida, alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Anitha, miaka yote hii tumeoana, hujanichotea hata kopo moja la kuoga!"

"Wewe una mikono, mke wangu. Baiskeli haina."

Kusema kweli, aliipenda mno. Miaka ya uhaba watu walipanga foleni hata ya sabuni, na baiskeli mpya ilikuwa ndoto. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka ya mjini yalijaa vitu. Meshack aliuza zabibu zake, akarudi nyumbani na baiskeli nyeusi inayong'aa. Ilibeba zabibu kwenda sokoni. Ilibeba madumu ya maji kutoka kisimani. Madumu yalizibwa kwa magunzi ya mahindi, kwa hiyo yalidondosha maji nyuma ya kiti njia nzima. Meshack hakujali.

Mwezi wa Juni baiskeli ikaanza kulia. Kwii, kwii, kila pedali ilipozunguka. Meshack akachota kopo la maji, akamimina pale pale palipolia. Ikanyamaza.

"Umeona?" akamwambia Frida. "Ilikuwa na kiu."

Kesho yake ikalia tena. Akainywesha tena.

Wakati huo harusi ya binti yao Anitha ilikuwa imekaribia, na Meshack alikuwa na kazi moja kubwa: kumleta mama yake. Bibi Tereza aliishi kijiji cha jirani, ng'ambo ya korongo. Miguu yake ilikuwa imechoka, lakini mikono bado ilikuwa na nguvu. Hakuna aliyempata kwa kupiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo inayobanwa mapajani. Ndiye aliyepiga siku Frida alipoolewa. Anitha naye alikuwa amesema wazi: "Bila ngoma ya bibi, mimi sitoki ndani."

Gari halikufika kule. Bibi mwenyewe alikuwa ametuma ujumbe: "Mwanangu atanipakia kwenye baiskeli yake mpya. Nataka majirani wanione."

Zikabaki siku mbili. Asubuhi Meshack akapanda baiskeli aende kisimani. Pedali zikakataa kuzunguka. Akakanyaga kwa nguvu. Ndani kukasaga, kama mtu anatafuna mchanga. Alipotaka kukata kona, usukani nao ukakwama. Baiskeli ikamtupa kwenye ua wa miiba wa nyumbani kwake.

Hakuwaza miiba. Alimwaza mama yake, amekaa mlangoni na kitenge kipya, ngoma mapajani, anamngoja mwana asiyetokea.

Akiwa bado anachomoa miiba, akafika Emilia, bibi mifugo wa eneo lile. Emilia alisomea kazi yake Mpwapwa. Alizunguka vijijini kwa baiskeli, masika na kiangazi, akitibu ng'ombe na mbuzi. Siku hiyo alikuja kumtazama mbuzi wa Frida.

"Shikamoo, Baba Anitha. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Mbuzi amepona. Mgonjwa ni huyu hapa."

Emilia akazungusha pedali taratibu. Akasikiliza.

"Hii inapata maji?"

"Sana! Kila Jumamosi naiosha. Na ikilia naiongezea."

Emilia akajizuia kucheka, akashindwa. Akatoa spana kwenye mfuko wake. Akalegeza kiti, akakichomoa pamoja na nguzo yake. Kisha wakaipindua baiskeli pamoja. Maji ya rangi ya chai yakamwagika kutoka ndani ya fremu.

Meshack akashika kichwa. "Haya maji yametoka wapi? Mvua imekatika tangu Aprili!"

"Mvua ni wewe, Baba Anitha."

Frida alicheka mpaka akakaa chini.

"Sikiliza, baba," Emilia akasema. "Kwenye shingo ya usukani, na hapa kwenye pedali, kuna gololi. Ni vyuma vidogo vya mviringo. Vinateleza kwa sababu ya grisi. Maji yakiingia, yanaiharibu grisi, halafu kutu inakula gololi. Na dumu lako likivuja, maji yanapita kando ya nguzo ya kiti. Yanashuka ndani ya fremu mpaka kwenye pedali, yanakaa huko."

"Lakini nikiimwagia inanyamaza!"

"Mbuzi wako akilia kwa homa, ukamfunga mdomo, homa imepona?"

Siku hiyo hiyo Meshack na Emilia wakaisukuma hadi kwa fundi Sila, sokoni. Fundi akafungua. Gololi zilikuwa nyekundu kwa kutu, nyingine zimelika. Akasafisha kwa mafuta ya taa, akafuta hadi pakakauka. Akapaka grisi nzito, akapanga gololi mpya, akapaka tena juu yake. Shingo ya usukani akaifanyia vivyo hivyo. Chini ya fremu, pale kwenye pedali, akatoboa tundu dogo ili maji yakiingia yapate njia ya kutokea. Emilia akakata kipande cha tyubu kuukuu, akakifunga kwa kukaza pale nguzo ya kiti inapoingia kwenye fremu.

"Hapo maji hayapiti kirahisi," akasema. "Osha kwa kitambaa chenye unyevu, magurudumu yakiwa chini. Usimwagie maji kwenye gololi. Ikinyeshewa, ifute. Kabla ya masika na baada yake, mwambie fundi abadilishe grisi. Na madumu yatafutie vifuniko!"

Siku ya harusi Meshack alivuka korongo alfajiri. Bibi Tereza alikuwa tayari mlangoni.

"Mbukwa, mama!" Meshack akamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, mwanangu."

Akampakia kwenye keria, ngoma mapajani. Wakapita mbele ya nyumba za majirani polepole, kama bibi alivyotaka. Baada ya muda bibi akauliza, "Baiskeli yako bubu? Mbona haisemi kitu?"

"Imeshiba grisi, mama."

"Basi nitasema mimi." Akaanza kupiga ngoma palepale kwenye keria. Walipofika Nzuguni, watu walikuwa wameisikia ngoma kabla ya kuiona baiskeli. Anitha akatoka ndani mbio, shela mkononi. Meshack akalia machozi mbele za watu, wala hakujificha.

Ngoma ilipopamba moto, wakafika jamaa wa bwana harusi. Baiskeli ya mjomba wake, Optatus, ililia kwii, kwii, hadi uani. Optatus akashuka, akachukua kopo la maji, akainama kwenye pedali.

"Usimwage!"

Meshack alikuwa amekatisha katikati ya wachezaji. Muheme ukanyamaza. Harusi nzima ikageuka. Yeye akatoa spana mfukoni, akachomoa kiti cha baiskeli ya mgeni, akaipindua, na maji ya kutu yakamwagika miguuni pa Optatus.

"Mkwe," Meshack akasema, "baiskeli haina kiu."

Akalichukua lile kopo mkononi mwa Optatus, akavuka uwanja, akampa Frida kwa mikono miwili. Frida akanywa yote, taratibu, huku akimtazama. Wanawake wakapiga vigelegele, na Bibi Tereza akaanza ngoma upya.