Kipande cha Kumi na Mbili

Aubin mwenyewe ndiye alinipa hii habari, na Aubin si mutu wa kutunga. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni huko Himbi. Kamera inapiga picha ya kila katoni, na akili ya kompyuta inaangalia kama vipande kumi na viwili vya sabuni vimetimia. Mama Donatille ndiye aliifundisha, picha kwa picha, kabla hajateleza ndani ya pipa la sabuni inayochemka. Mara tatu alikuwa amemuomba patron Ruffin kifuniko cha lile pipa. Siku ya maziko, Ruffin alikataza wafanyakazi wote kwenda matanga.

Kesho yake mashine ikaanza kulia. Katoni zilikuwa zimejaa, lakini kila moja ilipewa alama nyekundu: kipande kimoja kinakosekana.

"Patron, utuache twende tukamulilie kwanza," Aubin akasema.

"Matanga haitengenezi sabuni!"

Ruffin akahesabu mwenyewe kwa kidole, moja mpaka kumi na mbili, akiwa ameinama chini ya kamera. Mashine ikanyamaza. Pale pale kuranti ikakatika.

Gizani walisikia pipa likichemka, blu, blu, blu, na moto wake ulikuwa umezimwa tangu asubuhi.

Kuranti iliporudi, Ruffin hakuwepo. Unione mubaya ukitaka, mimi sikumuhurumia. Kwenye ekra ya kompyuta, katoni ilikuwa na sabuni kumi na moja. Kwenye nafasi ya kumi na mbili kulilala kidole chake, na alama ilikuwa ya kijani: imetimia.