Wimbo wa Tisa

Soko la Jebel, siku tatu kabla ya sherehe za mwaka wa pili wa uhuru, lilikuwa na bendera nyingi kuliko nyanya. Kila kibanda kilipiga muziki wake na hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Kizza, Mganda mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi kupita mahitaji ya soko, alikuwa amechuchumaa kwa muuza vifaa akijaribu spika mbili za mtumba. Ndani ya redio alikuwa ametia kaseti ya "Darajani". Mtu yeyote wa Juba aliyevuka miaka arobaini anaijua albamu hiyo kwa moyo: roki ya gitaa kali, waliyoirekodi vijana wa mji huu huu, Radi Band, huko Nairobi mwaka 1983, kabla vita havijawatawanya.

Mwanamke akasimama nyuma yake. Alikuwa amefunga lawa ya manjano, lile vazi la kitambaa chenye fundo begani, na miwani ya jua ameipandisha kwenye nywele.

"Umechanganya waya," alisema. "Gitaa inakaa kushoto. Wewe umeweka kulia."

Kizza aligeuka tayari kumjibu jeuri, kisha akamwona vizuri. "Nyabo," alisema, yaani bibi kwa Kiganda, "wewe iko fundi?"

"Mimi iko na masikio."

Kizza alibadilisha waya, gitaa likahamia kushoto, na ikawa kweli. Jambo hilo lilimkera na kumpendeza kwa pamoja. Miaka kumi alikuwa analipwa kwa kazi ya kusikia, na mtu wa namna hiyo hapendi kusahihishwa mbele ya wauza vitunguu.

Mwanamke huyo aliitwa Rejoice, mtangazaji wa kipindi cha nyimbo za zamani katika redio moja ndogo. Kizza alirekodi matangazo ya biashara ndani ya kontena nyuma ya hoteli, mtaa wa Thongpiny. Hata soko halijafungwa alikuwa na namba yake ya simu, na kufika Agosti hawakuwa na aibu tena. Alimpigia asubuhi kumwambia kwamba hewani jana alimeza mate mara mbili. Rejoice akamjibu kwamba mwanamume anayehesabu mate ya mtu basi amekwisha, aende kwao wakamwandalie mahari. Watu wazima wakipendana huwa wapumbavu kuliko vijana, kwa sababu wanajua wanachofanya.

Mwimbaji wa Radi Band, Fulgensio Lako, ndiye aliyekuwa baba yake Rejoice. Alichukuliwa nyumbani siku moja mwaka 1984 na hakurudi, binti yake akiwa na miaka mitatu. Hilo Kizza aliambiwa. Kuna la pili ambalo hakuambiwa. Mama yake Rejoice, alipokuwa anakufa kambini huko Uganda, alimweleza kwamba siku ya kurekodi walikuwa naye studio, na kwamba kabla ya wimbo wa mwisho baba yake alimwita kwa jina lake la nyumbani, na tepu ikalinasa. Waliotengeneza kaseti walilikata. Jina hilo la nyumbani ni Tisa. Siku hizi, zaidi yake mwenyewe, lilijulikana na mtu mmoja tu, Shangazi Konga wa mtaa wa Kator.

Sauti ya Fulgensio akiimba, Rejoice aliijua kama inavyojulikana na watu wote. Alichotaka ni ile moja ambayo haikuwa ya watu wote.

Tepu zenyewe, zile kubwa za studio, zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha shangazi. Rejoice alimpa Kizza bila kusema neno juu ya jina. Alikuwa na sababu yake: akimwambia atafute, atatafuta mpaka asikie hata kisichokuwepo, kwa kumpenda. Alitaka lije lenyewe, ajue mama yake hakumdanganya.

Kizza alizipeleka Kampala kwa mzee mwenye mashine ya zamani. Zililia mara moja tu. Zilipokuwa zinalia zilimwaga unga wa kahawia, na zilipofika mwisho zilikuwa utepe mtupu. Lakini kila chombo kilikuwa kimeingia kwenye diski peke yake, naye akarudi Juba na wazo kubwa. Shirika moja lililofunga ofisi lilikuwa limemwachia spika sita. Angeichanganya "Darajani" upya, sauti imzunguke msikilizaji, nyingine mbele, nyingine ubavuni, nyingine nyuma, mtu akae katikati ya bendi.

Alifanya kazi hiyo miezi miwili. Alifuta mikwaruzo, viti vilivyoburutwa, kikohozi cha mtu. Alipofika wimbo wa mwisho, ambao kwa bahati mbaya ulikuwa wa tisa, alikuta kabla ya gitaa sauti ya mwanamume mbali na maikrofoni: "Tisa. Tisa." Mganda asikie nini tena hapo? Alijua ni fundi wa studio anataja namba ya wimbo, mara mbili ili mwandishi aiandike. Aliirudia rudia kutafuta ukingo wake, maana sauti ile ilikuwa imegusana na pumzi ya mpiga ngoma, kisha akaikata. Alifurahi sana kwa jinsi ilivyokatika vizuri.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba waliweka viti vinane ndani ya kontena, wakaalika watu, na Rejoice akaweka daftari mlangoni kila mtu aandike maoni. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge cha kijani na hereni za mama yake. Kizza alimtania kwamba amekuja harusini. Rejoice aliketi kiti cha katikati, mikono magotini.

Maoni hayakuchelewa. Kerubo, mhasibu wa hoteli kutoka Kisii, alisema iko sawa lakini kuna mtu anampigia besi kwenye shingo na hajazoea mambo kama hayo. Jethro, mwalimu, alisikia sikio moja tu tangu bomu la mwaka tisini na mbili, akalalamika kuwa nusu ya bendi haikufika. Walipomzungusha kiti alidai ile nusu nyingine ndiyo imeondoka. Mzee Paulino, mpiga ngoma wa Radi Band mwenyewe, aliyekiri kuwa siku za kurekodi alikuwa mlevi na hakumbuki chochote, alisikiliza huku analia. Alipoulizwa akanuna. "Ngoma nimepiga mimi," alisema, "sasa zinanipiga mgongoni." Watu walicheka.

Wimbo wa nane ukaisha. Rejoice alifumba macho. Kukawa na kimya, kimya safi ambacho Kizza alikipenda, na gitaa la wimbo wa tisa likaanza.

Rejoice alibaki ameketi mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akaandika kitu kwenye daftari akiwa amewapa watu mgongo, akatoka. Kizza alimkuta kwenye lami akitafuta bodaboda.

"Nini? Sauti mbaya?"

"Sauti ni safi," alisema Rejoice. "Umesafisha vizuri sana, Kizza. Kalas, imetosha." Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. Alipanda pikipiki akaenda zake.

Hapo ndipo walipoharibu, wote wawili. Kizza alipiga simu jioni ile na kesho yake, haikupokelewa, na kiburi kikampanda. Miezi miwili ya kazi, kwa ajili ya baba yake, hata asante hakuna. Daftari alilitupa juu ya kabati bila kulifungua, kwa kuogopa kusoma alichoandika. Rejoice naye, huko Kator kwa shangazi, aliamini kabisa kwamba Kizza amesoma. Alingoja aje na kile kipande mkononi. Siku zikapita hakuja, akahitimisha kwamba amesoma na hajali. Wiki nzima watu wawili wenye simu walishindwa kusemezana.

Kisha, Jumapili ya tarehe kumi na tano, risasi zikaanza.

Kizza alilala sakafuni katika chumba chake cha Jebel, godoro limesimamishwa dirishani, siku mbili na nusu. Bunduki nzito ilikuwa mbele, ndogo ndogo kushoto, na kitu kilichotikisa mabati kilitokea nyuma. Masikio yake, kwa mazoea, yalipanga kila mlio mahali pake. Alichukia kazi yake. Alitaka kuwa Jethro. Mtandao ulikuwa umekatika, na kila alipobonyeza namba ya Rejoice alisikia mlio ule ule mfupi.

Jumatano alitoka. Njia ya Thongpiny ilijaa watu wenye magodoro kichwani wakielekea kambi ya Umoja wa Mataifa. Hakuna aliyezungumza kwa sauti. Barabarani watu walikuwa wanasimamishwa na kuulizwa swali kwa lugha fulani, na aliyeshindwa kujibu hakuendelea na safari. Mlangoni mwa hoteli Kerubo, bila viatu, alimwambia kwamba Mzee Paulino alikufa Jumatatu. Alikuwa ametoka kutafuta maji.

Kontena lilikuwa wazi. Spika, kompyuta na diski, vyote vilikuwa vimechukuliwa. Hata zulia lilikuwa limeng'olewa. Daftari lilikuwa chini, lina alama ya buti. Maoni ya watu hayana bei sokoni.

Alisoma akiwa amesimama. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa Rejoice, mistari mitatu: "Kabla ya wimbo wa tisa baba yangu aliniita. Tisa si namba. Tisa ni mimi."

Kizza alikaa sakafuni. Alikumbuka jinsi alivyofurahi ilipokatika vizuri.

Kutoka Thongpiny mpaka Kator kwa miguu, kwa njia alizopita siku ile, kulimchukua asubuhi yote. Alimkuta Rejoice kwenye uwanja wa kanisa kuu la Mtakatifu Teresa, kati ya mamia waliokimbilia pale, lawa ile ya manjano sasa imetandikwa chini na Shangazi Konga amelala juu yake, mguu umevimba. Rejoice alisimama. Alimwangalia toka kichwani hadi miguuni kuona kama amepungua mahali, kisha akampiga kofi la bega, akamkumbatia.

"Ulisoma?" aliuliza.

"Leo. Sikusoma siku ile, niliogopa. Naapa."

"Kiko wapi?"

Hakuwa na namna ya kulizungusha jambo hilo. "Diski wamechukua. Kimepotea, Rejoice. Nilikikata mimi, na sasa hakipo tena."

Rejoice alikaa kwenye ngazi ya kanisa. Mama mmoja karibu yao alikuwa anahesabu watoto wake, anamaliza, anaanza tena.

"Kumbe mama hakunidanganya," alisema mwishowe. Kisha akageuka. "Wewe ulisikia."

"Nilisikia."

"Mara ngapi?"

"Nyingi. Arobaini, hamsini. Ili kukata lazima ujue inapoanza na inapoisha."

"Basi sema. Hapana danganya kwa kunihurumia. Sema kama alivyosema."

Kizza alifumba macho. Alimweleza kwanza: mtu yuko mbali na maikrofoni, amegeuka pembeni. Ya kwanza ni ya juu na ya haraka, na ina ukali kidogo, kama mtoto anakwenda kwenye nyaya. Ya pili iko chini na inavutwa, na mwishoni anakaribia kucheka, kwa sababu mtoto ameshasimama. "Halafu kimya," alisema. "Nilitega sikio hapo. Hukuitika."

"Nilikuwa na miaka miwili."

"Ndiyo."

"Sema."

"Tisa," alisema Kizza. "Tisa."

Rejoice aliziba uso kwa mikono. Akamwambia aseme tena, akasema. Mara ya tatu alitikisa kichwa. "Hiyo ni yako. Umetia mapenzi. Nipe yake." Kizza akarudi mwanzo, taratibu, kama anavyotafuta ukingo, na akampa. Shangazi Konga, aliyedhaniwa amelala, alifungua macho akatazama kulia na kushoto kumtafuta mtu, kisha akaanza kulia kimyakimya. Hapo Rejoice alijua kwamba sauti ni yenyewe.

Jumamosi Waganda waliondoka kwa msafara wa mabasi kwenda Nimule. Kizza alikuwa na nafasi moja, na alizunguka mpaka akapata mbili zaidi za kununua, ya Rejoice na ya shangazi. Alimwambia Rejoice pale pale uwanjani, bila pete, shati lake chafu: waende Kampala, Kanisa litawafungisha ndoa hata kesho. Rejoice alimtengeneza kola. Alisema anakubali. Anakubali kabisa, aandike mahali. Lakini mguu wa shangazi hauwezi basi, na hapa hana mwingine. Kizza akasema basi na yeye atabaki. Rejoice alikataa. Juzi walikuwa wanawatafuta watu wa lugha moja, alisema, na hajui kesho watawatafuta wa lugha gani. Mganda yeyote angesikika kabla hajamaliza salamu.

"Nenda," alisema. "Wewe ndiyo tepu yangu. Ukikaa hapa ukafa, nimepoteza nyinyi wawili."

Basi lilipokuwa linavuka daraja simu ya Rejoice ililia. Alipokea, na kwenye sikio akasikia neno moja, mara moja tu: "Tisa."

"Hiyo si ya baba," alisema.

"Hiyo ni yangu."

"Naijua. Kesho anza na ya baba, halafu malizia na yako."

Kesho yake hapakuwa na mtandao, wala keshokutwa. Siku ya tatu walizika watu watano nyuma ya kanisa, mmoja wao yule mama aliyekuwa anahesabu watoto, na Rejoice akabaki anawahesabu yeye. Siku ya nne, akiwa kwenye foleni ya maji na madumu mawili, simu ililia. Sauti ilikuwa mbali, imekatikakatika, kama mtu aliyegeuka pembeni.

"Tisa. Tisa."

Aliweka madumu chini, akasimama wima katikati ya foleni.

"Naam, baba," akaitika.