Tuta la Mchanga Mbele ya Nyumba ya Zaitun

Kila asubuhi Zaitun alifagia mpaka ufukweni. Alitaka pa kuanikia dagaa pawe peupe, pasiwe na jani hata moja. Kijiji kizima cha Mwamgongo, kando ya ziwa, kilimsifu kwa usafi.

Zamani mbele ya nyumba yake palikuwa na tuta refu la mchanga, lenye matete na majani ya kutambaa. Zaitun aliyang'oa majani yote. Mumewe, Khalfani, akalisawazisha tuta kwa jembe.

"Sasa tunaliona ziwa vizuri," alisema Khalfani.

Ni kweli, waliliona. Na ziwa nalo likawaona.

Mvua zilizidi mwaka hadi mwaka. Ziwa likapanda. Mawimbi yalibomoa choo, kisha jiko. Bi Nasra, mama yake Khalfani, alilala chumba cha mbele. Miguu yake ilikuwa haimbebi tena. Kila upepo ulipovuma aliita, "Zaitun, maji yamefika wapi?"

"Bado yako mbali, mama," Zaitun alijibu. Alikuwa anadanganya.

Khalfani alijaza mchanga kwenye viroba, akavipanga kuwa ukuta. Mchanga aliuchota palepale, kwenye mabaki ya tuta.

Jumapili moja mchana ziwa lilichafuka. Mawimbi yalipasua viroba kama karatasi. Ukuta wa chumba cha mbele ukapata ufa. Zaitun alimbeba Bi Nasra mgongoni hadi kwa Marcelina, jirani wa nyuma. Walipogeuka, nyumba ilikuwa chini.

"Nyumba ya mume wangu," alisema Bi Nasra. Alifariki kwa Marcelina kabla mvua hazijakatika.

Baada ya mazishi alikuja Elinipa, afisa mazingira. Ni mtu wa Upare, lakini alisalimia kwa Kiha cha wenyeji.

"Mwakeye. Poleni sana na msiba."

"Tumepoa," alisema Khalfani. "Viroba havikufaa kitu."

"Mchanga mliutoa wapi, kaka?"

Khalfani alionyesha kwa kidevu, kisha akainama.

"Mlibomoa ukuta ili mjenge ukuta," alisema Elinipa taratibu. "Wimbi kali hula tuta kwanza. Ziwa likitulia, mawimbi madogo huurudisha mchanga. Upepo huupandisha, na majani huukamata. Bila majani, tuta halikui. Bila tuta, wimbi linaanza na nyumba."

"Basi mimi ndiye niliyemuua mama," alisema Zaitun.

Elinipa alimgeukia.

"Tabianchi imebadilika, mvua zimezidi, ziwa limepanda. Hayo hukuyaleta wewe. Lakini majani uliyang'oa. Tuyarudishe, dada. Nyuma yako yupo Marcelina na wanawe."

"Na sisi tujenge wapi?" aliuliza Khalfani.

"Juu, mlimani. Hapa tuliachie tuta."

Khalfani alikasirika. Alikuwa amezaliwa hapo. Lakini aliangalia matofali yaliyolala majini, akakubali.

Walijenga kibanda mlimani. Dagaa wakaanikwa kwenye vichanja vya miti, juu ya ardhi. Ufukweni walichomeka uzio mfupi wa vijiti, ili mchanga unaopeperushwa unase hapo. Walipanda matete na majani ya kutambaa. Wakaacha njia moja tu ya kwenda majini. Kijiji kikakataza kuchota mchanga pale.

"Haya, fundi wa ufagio!" wanawake walimtania Zaitun. "Leo unapanda magugu?"

"Chekeni tu," alijibu. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Mwaka ulipita, ukapita wa pili. Mchanga ulijaa kwenye uzio, ukafunika msingi wa nyumba ya zamani. Majani yakashika.

Kisha ziwa likachafuka tena, kwa hasira ileile. Marcelina alishinda mlangoni na watoto, vitu vimefungwa tayari kwa kukimbia. Hawakukimbia. Jioni nyumba yake ilikuwa kavu.

Zaitun alishuka kuangalia. Nusu ya tuta ilikuwa imeliwa. Pale lilipokatika ulionekana msingi wa chumba cha Bi Nasra. Machozi yalimtoka. Aliokota tete lililong'olewa na wimbi, akalipanda upya kando ya msingi ule, akalishindilia mchanga kwa mikono.

"Maji yamefika hapa, mama," alisema. "Yameishia hapa."