Suruali Zilizobaki Ndani ya Kompyuta

Nyumbani kwetu kazi ni udobi. Mama anafua. Mimi napiga pasi. Dada yangu mkubwa anapokea wateja mezani. Jina lake la utani ni Kibodi, kwa sababu vidole vyake havitulii. Hata akisubiri chai ichemke, anagonga meza kama anayeandika barua.

Chumba cha mbele kina bomba refu la chuma. Juu yake zimening'inia henga sitini za kutundikia nguo, kila moja na namba yake. Mteja akileta nguo, anapewa kadi yenye namba ya henga na namba ya kadi yenyewe, isiyorudiwa. Mama ana sheria moja isiyovunjwa: nguo haigusi maji kabla ya mifuko kupekuliwa.

"Kalamu moja tu inatosha kuharibu beseni zima," husema. "Mfuko unapekuliwa mezani. Ukishafika majini umechelewa."

Zamani tuliandika kwenye daftari. Daftari la dobi halikai kavu hata siku moja. Kibodi alisoma darasa la kompyuta kila Jumamosi, mwaka mzima. Mwisho akaandika programu ya kazi yetu. Pale mezani aliandika nguo ni ya nani, ni kitambaa gani, na pasi iwe na moto kiasi gani. Mbele ya meza yangu akaweka kioo kidogo cha kompyuta. Kioo kiliniambia henga, kitambaa na moto. Mimi nilifuata.

Kwa wiki tatu tulifurahi. Mara moja tu kioo kilionyesha herufi za ajabu, kama kuku amekanyaga wino. Kibodi alizima, akawasha, zikaondoka. Hatukuuliza zaidi.

Jumanne moja kioo kilisema: "Henga 14. Pamba. Moto mkali." Siku hiyo nguo zilikuwa zimerundikana mpaka kiunoni. Nikachukua nguo ya henga kumi na nne, nikaweka pasi. Harufu ilinifikia kabla ya macho kuona. Nilipoinua pasi, alama yake ilikuwa imekaa katikati ya kifua cha blauzi, kahawia, na ncha yake kabisa.

Haikuwa pamba. Ilikuwa hariri. Mwenyewe ni mama mmoja wa posta, tunamwita Bi Posta.

"Dobi," alisema Bi Posta, ameishika blauzi kwa vidole viwili, "mimi nilileta nguo. Huu mkate ulioungua ni wa nani?"

Mama aliomba radhi mara tatu. Akaahidi kumtafutia hariri kama ile na kumpelekea fundi cherehani. Bi Posta alipoondoka, Mama alimgeukia Kibodi.

"Alhamisi ya wiki ijayo yanaletwa magauni arobaini ya kwaya. Satini tupu. Jumamosi wanayavaa mbele za watu. Alama ya pasi ikionekana hata kwenye gauni moja, jina langu limekwisha mtaa huu."

"Ndiyo, Mama."

"Kioo hicho kikiwa bado kinaota ndoto, Alhamisi asubuhi kinatoka. Tutarudi kwenye daftari."

Kibodi alikitazama kioo. Vidole vyake vilitulia, na hapo nikajua ameumia.

Siku mbili alijaribu programu yake. Aliandika pamba, kioo kikasema pamba. Aliandika hariri, kikasema hariri.

"Ni kama jino," aliniambia. "Linakukeshesha usiku. Ukifika kwa daktari, linaacha kuuma."

Alhamisi ya wiki ile ile, mchana, akaja jirani yetu wa nyumba ya mbele kuchukua ovaroli zake. Sisi tunamwita Mama Lifti. Kazi yake ni kuandika programu zinazoendesha lifti za majengo marefu.

"Shikamoo, Mama Lifti," tulisema.

"Marahaba, wanangu. Kibodi, mbona uso umekunjamana? Mdogo wako hajakupiga pasi leo?"

Tulicheka, hata Kibodi. Kisha akamweleza yote. Mama Lifti aliweka ovaroli chini, akavuta stuli.

"Umeandika kwa lugha gani?"

"Lugha ya C. Ndiyo tuliyofundishwa."

"Ni lugha nzuri, ya siku nyingi. Inakupa kisu kikali na haikuulizi unakata nini." Akanigeukia mimi. "Wewe, mpiga pasi. Siku ile ya blauzi, kulitokea jambo lolote lisilo la kawaida?"

Nilifikiri. Mimi hukaa kimya, lakini mlangoni naona kila anayeingia.

"Bwana Haraka alikuja, yule mteja wetu asiyejua kusubiri," nilisema. "Alichukua suruali zake zikiwa mbichi. Alisema atazipiga pasi mwenyewe."

"Zilikuwa henga gani?"

"Kumi na nne. Baadaye Mama akatundika hapo blauzi ya Bi Posta."

"Na ile siku ya herufi za ajabu?"

Nikakumbuka. "Siku hiyo pia alikuja! Alichukua mashuka mabichi."

Kibodi alishika kichwa. "Mimi niliandika kana kwamba kila nguo inapigwa pasi kwanza, ndipo inachukuliwa."

"Ndivyo inavyotakiwa," Mama alisema kutoka kwenye mabeseni. "Lakini yule mtu hata kuzaliwa nadhani hakusubiri miezi tisa."

Mama Lifti alichukua chaki ya kuwekea alama kwenye nguo, akachora visanduku kumi kwenye meza ya mbao.

"Tazameni. Kompyuta ina kumbukumbu. Ni nafasi nyingi za kuandikia, kila nafasi na namba yake." Katika kisanduku cha tatu akaandika: *Henga 14, pamba, moto mkali.* "Hizi ni habari za suruali. Sasa orodha yako ya pasi imeshika nini, Kibodi? Habari zenyewe?"

"Hapana. Inashika namba ya nafasi tu. Inajua kwamba habari ziko nafasi ya tatu."

"Vizuri. Bwana Haraka akaondoka na suruali. Ukaiambia nini kompyuta?"

"Kwamba nafasi ya tatu iachiliwe."

"Je, kompyuta ilifuta maandishi?"

Kibodi alitikisa kichwa. "Haifuti. Inasema tu kwamba nafasi iko wazi, anayetaka aandike."

"Na orodha ya pasi, uliiambia?"

Kibodi alikodolea macho kisanduku cha tatu. Maji yalisikika yakitiririka kwenye mabeseni.

"Sikuiambia," Kibodi alisema polepole. "Iliendelea kutazama nafasi ya tatu. Suruali zimeondoka, lakini kioo bado kinasema henga kumi na nne ni pamba."

"Na kwenye henga yenyewe ipo hariri," nilimalizia. Moyo ulipungua uzito. Siku zote mbili nilijiona mimi ndiye mwenye kosa.

"Hilo ndilo kosa la kutumia nafasi iliyokwisha kuachiliwa," Mama Lifti alisema. "Ubaya wake ni kwamba halionekani kila siku. Maandishi ya zamani yakiwa bado yapo, unaona habari za zamani. Mwingine akiandika juu yake, unaona vipande vya habari za mwingine. Ndizo zile herufi za kuku. Na wakati mwingine programu inaanguka kabisa."

"Basi nitarekebisha mstari huo mmoja."

"Unaweza. Lakini una hakika ni mmoja tu?"

Kibodi alitazama tena visanduku vya chaki. Hakuwa na hakika.

"Sisi kwenye lifti tulichoka kuwinda makosa haya moja moja," Mama Lifti alisema. "Siku hizi tunaandika kwa lugha inayoitwa Rust. Maana yake kutu."

Mama aliacha kufua. "Kutu? Jirani! Miaka yote napigana na kutu kwenye mashati ya watu, leo unaniletea ndani ya nyumba?"

"Hii haichafui, jirani. Hii inafanana na wewe."

"Mimi nina kutu?"

"Unapekua mifuko mezani, kabla ya maji. Lugha hii nayo inapekua programu kabla haijaanza kufanya kazi. Ikikuta kosa la aina hii, inakataa kuitafsiri kwa mashine. Haikubali kwenda majini."

Mama alikausha mikono, akaja kusimama mezani. "Inapekua nini hasa?"

"Kwanza, kila kitu kina mwenyewe mmoja. Mwenyewe akimaliza, nafasi inaachiliwa bila mtu kukumbushwa. Wengine wanaweza kuazima. Lakini kitu kilichoazimwa hakitupwi mpaka aliyeazima amalize."

"Hiyo si kompyuta, hiyo ni adabu," Mama alisema.

"Pili, wanaosoma tu wanaweza kuwa wengi. Anayebadilisha lazima awe peke yake, na wakati huo hakuna mwingine anayesoma."

Hilo nililielewa haraka. "Kama gauni," nilisema. "Kumi wanaweza kulitazama. Lakini nikiwa nalipiga pasi, mtu asilivute upande wa pili."

"Umesema vizuri kuliko kitabu changu," Mama Lifti alijibu.

Nikapata ujasiri wa kuuliza tena. "Na je, nikiiomba henga ya sitini na moja, wakati zipo sitini?"

"Swali zuri. C inaweza kukunyooshea mkono mpaka kwenye kamba ya jirani, ikakupa chochote itakachokishika. Rust ikifika hapo inasimama na kusema wazi: henga hiyo haipo."

"Kupekua kote huko hakuchelewishi kazi?" Mama aliuliza.

"Kwa sehemu kubwa kunafanyika mwanzoni, mara moja. Kazi ikianza, inakimbia. Anayechelewa ni mwandishi. Kibodi, utakataliwa mpaka utamani kulia."

"Kwa hiyo nikitumia hiyo, hakuna kosa tena?" Kibodi aliuliza.

"Aa, usijidanganye. Ukiandika kwamba hariri ni pamba, itakubali. Yenyewe haijui vitambaa. Inalinda kumbukumbu tu. Tena kuna mlango wa pembeni ambapo unaiambia, 'Hapa usinipekue, najua mwenyewe.' Wewe mwanafunzi, mlango huo upite mbali."

Kibodi alianza siku hiyo hiyo. Kila alasiri, wateja wakipungua, Mama Lifti alipita kumwangalia. Kazi haikuwa rahisi. Siku ya kwanza nilimsikia dada akigombana na kompyuta.

"Imenikatalia tena! Inasema nimeazimisha habari za nguo, halafu nataka kuzitupa."

"Inasema uongo?" niliuliza.

Akatazama mstari. Akatazama tena. "Hapana," alisema, amenuna. "Inasema kweli. Ni lile lile la suruali."

Siku ya tatu alikuta kosa jingine alilokuwa hajui. Mahali pawili pa programu yake palikuwa pakiachilia nafasi ile ile. Akainuka, akaenda mwenyewe kuniletea chai, kama anayeniomba radhi kwa ile blauzi.

Mwishowe alibadilisha mpango. Orodha ya pasi haikushika tena nafasi ya kumbukumbu. Ilishika namba ya kadi ya mteja tu. Kila zamu ya nguo ikifika, programu inaenda kuuliza upya: kadi hii ina nguo?

"Na hapo pia ilinikatalia," aliniambia. "Iliniuliza: na kama nguo haipo, utafanya nini? Haikunipitisha mpaka nimejibu."

"Ukajibu nini?"

"Kioo kiseme nguo imeshachukuliwa."

Mimi nami nilibadilisha jambo moja, bila kuambiwa na mtu. Nikisoma kioo, nashika kitambaa kwa vidole kwanza. Ndipo naweka pasi. Kioo kinaweza kuandikiwa vibaya na binadamu.

Alhamisi asubuhi Mama alitazama kioo, akatazama daftari jipya alilokuwa amenunua. "Kibaki leo," alisema. "Nakitazama."

Magauni yaliletwa, arobaini, rangi ya zambarau. Chumba kizima kiling'aa. Ijumaa saa nne tulikuwa tumefika gauni la kumi na nane, na nani akaingia? Bwana Haraka.

"Suruali zangu!"

"Bado mbichi," Kibodi alisema.

"Nipe hivyo hivyo. Upepo wa njiani utazikausha."

Mama aliacha beseni lake. Alikuja kusimama nyuma ya bega langu, povu likimdondoka viwikoni. Kibodi aliandika kwamba suruali za henga ya tisa zimeondoka. Papo hapo Mama akatundika gauni la kwaya kwenye henga ile ile, makusudi kabisa, akamwambia Kibodi aliandike. Akaninong'oneza, "Haya, tuone."

Nilipiga pasi nguo mbili zilizotangulia. Kisha ikafika zamu ya suruali. Kioo kikasema: "Nguo imeshachukuliwa. Endelea."

Nikabonyeza kitufe. "Henga 9. Satini. Moto mdogo."

Nikashika kitambaa. Satini. Nikapunguza moto.

Mama alijifuta povu viwikoni. Alirudi kwenye mabeseni, na nilimsikia akiimba.

Jumamosi mapema mwalimu wa kwaya alikuja na wanakwaya wawili. Aliinua gauni moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Aligeuza pindo, akatazama kola, akatazama mgongo. Kibodi alisimama mezani, vidole vimekunjwa ndani ya viganja. Gauni la arobaini lilipokwisha, mwalimu alisema, "Dobi, mwakani usitafute kazi nyingine wiki hii. Umeshapata yetu."

Walipoondoka, Mama aliketi kwenye stuli kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Kibodi."

"Abee, Mama."

"Kule kwenye mabeseni nako nataka kioo. Kiniambie nguo ipi haitiwi bluu ya kung'arishia. Nimechoka kupiga kelele kuuliza."

Kibodi alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Lakini kule kitalowa, Mama."

"Kwani wewe ulizaliwa pakavu?" Mama alisema. "Kitafutie mfuko wa plastiki, uje tupime kitakaa wapi."