Unga wa Mgongo

Inspekta Sikuzani alikuwa ameshika sinia huku Dakta Felisian akichambua mafuta juu ya figo za marehemu. Kilichotoka kilikuwa chembamba, cha kahawia, kama ganda la ndani la korosho.

"Ndiyo tezi hiyo?"

"Ndiyo. Huwa nene, ya manjano. Hii imenyauka."

Marehemu, Hajra wa Matambarale, alikuwa na uso wa mviringo na michubuko mikononi. Kwa michubuko hiyo mumewe, Mbaruku, alikuwa mahabusu Ruangwa, akingoja kushtakiwa kwa mauaji. Kijiji kilikwisha kumhukumu.

Daktari alieleza taratibu. Tezi hiyo hutoa homoni inayouwezesha mwili kuhimili homa na mshtuko. Mtu akimeza vidonge vya homoni hiyo kwa muda mrefu, tezi huacha kazi. Uso huvimba, ngozi hulegea, hata kushikwa tu huacha alama. Vidonge vikikatishwa ghafla, mwili hauna pa kushika.

"Kwa hiyo hakupigwa."

"Ndani hana jeraha. Alikatiwa dawa."

Sikuzani alirudi Ruangwa kutoka hospitali ya Nachingwea. Mbaruku alimwambia kwamba mkewe hakuwahi kutumia dawa ya hospitali, ila unga wa maumivu ya mgongo wa mganga Masoudi pale sokoni. Alivyonenepa, watu walisema ndoa imemkubali.

Masoudi aliletwa pamoja na makopo yake, ambayo Sikuzani aliyafunga lakiri mwenyewe. Mganga alikaa kitini kama mgeni rasmi.

"Unga wako una nini?"

"Mizizi, afande. Nyinyi hamwezi kuijua."

Sikuzani aliweka mezani kinu kilichokutwa uvunguni mwa kitanda cha mganga. Ndani vilibaki vipande vya vidonge, vingine bado na alama ya kiwanda.

Masoudi alicheka kwa puani. "Sawa, vidonge. Wakipewa hospitali wanavitupa. Nikivisaga na magome wananiamkia. Mjinga nani hapo?"

"Na Hajra?"

"Hajra alikuwa na mdomo. Alitangaza kisimani kuwa unga wangu una uchungu wa duka la dawa. Nikamnyima."

"Ulijua atakufa?"

"Nilijua ataumwa. Wakiukosa wanalegea, wanatapika, wanarudi wakitambaa. Niliwahi kuona mmoja karibu afe. Nilitaka huyu aje apige magoti mbele ya watu. Hakuja." Alipandisha mabega. "Kiburi chake."

Sikuzani alimtazama kama kitu kilichogandia kwenye soli ya kiatu. Aliandika maelezo yake ya onyo, akamsogezea kalamu atie saini, akaenda kumfungulia Mbaruku. Mbaruku aliuliza neno moja tu, kama sasa anaweza kwenda kuzika.

Getini alisimama Rozalia, mama mmoja kutoka Mbekenyera, ndiyo kwanza ameshuka kwenye bodaboda. Uso wake ulikuwa wa mviringo, unang'aa.

"Mwanangu, kwa Masoudi pamefungwa. Unga wangu umeisha. Atafungua lini?"

Sikuzani aligeuka kuyatazama makopo aliyoyafunga.

"Mama, wangapi huko kwenu wanakunywa unga huu?"

"Wenye mgongo? Nani hana mgongo?"

Alimpigia Felisian aandae kitanda, akampakia Rozalia kwenye gari la polisi. Giza lilikuwa linaingia. Alimwagiza dereva ajaze mafuta: kesho Mbekenyera, kisha Chinongwe, kuwatafuta kwa nyuso.

Kwa majina haikuwezekana. Masoudi alisema hakuwahi kuwauliza.